USINI

Bibi Gunzi alizaliwa jikoni kwetu, Langoni,
siku ya mahindi ya nazi.
Nilimla punje zake zote kwanza,
kisha nikamwona uchi
nikaona haya.

Macho nilimtia kwa mkaa.
Nywele alikuja nazo, ndevu za hindi, kahawia.
Nguo ndiyo ilikuwa kazi.

Nikaenda kwa fundi Shekuwe,
nikajikunja chini ya cherehani kama paka wa mtaani
nikingoja kinachoanguka:
mkia wa kikoi, pembe ya kanzu,
uzi wa hariri usiofika urefu wa kofia.
Alijifanya hanioni. Lakini mkasi wake
ulianza kukosea, kila mara upande wangu.

Nyanya Somoe alikuwa na sharti moja.
"Ndoo. Mvishe utakavyo,
lakini nambia kwanza aenda wapi."

Basi Bibi Gunzi hakuvaa hivi hivi.
Akivaa kisutu, kuna harusi,
nami niliyemvisha sina budi kujua
nyekundu ya nini, nyeusi ya nini,
nani hushika chetezo, nani huruhusiwa kulia,
kikuba hubanwa upande gani wa kifua.
Siku moja nilimvika kisutu, nikajibu, "Kisimani."
Nyanya alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwaka ule shangazi akaniletea wa plastiki, kutoka Jeda:
macho hufumba, kiuno kama sindano,
gauni limeshonewa mwilini, halivuliki.
Nikamsimamisha kidakani, kati ya sahani.
Sikuwa na la kumwuliza.

Nguo ya mwisho ya Gunzi ilikuwa pande la leso,
upana wa viganja viwili.
Nyanya aliichana kwa meno, leso yake mwenyewe;
nusu ya pili zamani ilikwisha kuwa nepi za mama yangu.
Kwenye pindo zilibaki herufi tano: USINI
Usinisahau? Usinionee? Usinicheke?
"Maliza mwenyewe," akasema,
akarudi kwenye mchele wake.
Kila usiku nililala na jibu jipya.

Shaabani panya wakamla Bibi Gunzi.
Nguo waliiacha.

Leo ninachora leso zangu, mbili kwa mwaka,
na majina yake nayatunga mimi.
Watu husifu kalamu. Hawajui
nilijifunza kuandika kwa kukatiwa sentensi.
Pande lile nimelibana kwa pini juu ya cherehani.
Wiki za harusi nyingi husema usinihimize.
Siku nyingine silisomi.

Jana aliingia binti, miwani kichwani,
ataka gauni "la kisasa, lakini lenye asili yetu."
Nikachukua futi, nikapima bega,
nikamwuliza, "Waenda wapi?"

Akadhani namfukuza.