Nyekundu Isiyouzwa Dukani

Picha ilitoka kwenye simu ya mwalimu wa jiografia.
Niliichapisha Malindi mjini, shilingi mia na hamsini,
nikaibandika ubaoni, Mambrui, darasa la saba.

"Hii ni nini?"
Karisa akasema kidonda.
Nzingo akasema mchuzi uliomwagikia leso ya buluu.
Shee, asiyejibu hata akiitwa jina,
akainuka, akaweka ukucha kwenye chembe ya mchanga
baina ya mto na bahari:
"Mwalimu, hapa ndipo tunapoanika nguo."

Kilomita mia saba juu ya kamba yao ya nguo
setilaiti ilipita asubuhi moja ya Novemba,
haikubisha hodi,
ikaikuta Sabaki imefungua kinywa.

Mimi nafundisha sanaa: mstari, kivuli, umbo.
Ya mawingu na miamba si yangu.
Nikasema tu: ichoreni.

Bahari haikutusumbua,
buluu tulikuwa nayo ya kumwaga.
Mto ndio uliotukataa.
Nyekundu ya kisanduku ilikuwa ya bendera,
kahawia ilikuwa ya chai ya maziwa.
Tukachanganya, tukatia manjano,
tukaharibu brashi mbili za shule. Wapi!

Saa nne, wengine wakipanga foleni ya uji,
tukashuka mtoni na mkebe wa siagi.
Tope tukalichuja kwa kipande cha chandarua,
tukalikoroga na gundi ya mgunga,
na brashi ilipogusa karatasi
hakuna aliyesema kitu.
Ndiyo yenyewe.

Hapo Mutheu akaacha kuchora.
Baba yake ni fundi wa mabomba, wamehamia mwaka jana.
Akanusa kidole. Akanusa tena.
"Huu udongo naujua. Ni wa susu, kule Makueni."
Wenzake wakacheka: udongo nao una ukoo?

Nikauweka mkono kwenye mdomo wa mto
nikauvuta kuelekea bara,
nikatoka nje ya picha, nikatoka nje ya ubao,
nikapanda ukutani na chaki:
Galana, Tsavo, Athi, Thwake,
hadi karibu na dirisha lisilo na kioo,
mahali ambapo mvua hushuka kilima kisicho na matuta
na kuondoka na tabaka la juu, lile lenye chakula.

Mutheu akaitazama brashi yake
kama mtu aliyekuta shati la marehemu
kwenye fungu la mitumba.
"Kumbe haya ni mahindi ya susu," akasema,
"yale ambayo hayakuota."
Shee akajibu, taratibu,
kwamba mjomba wake huzamia kambakoche,
na siku za tope, huko chini,
haoni hata mkono wake mwenyewe.
Wakatazamana juu ya mkebe,
huyu wa chanzo, huyu wa mwisho.

Afisa wa elimu alipokuja kukagua
aliuliza aziandike safu gani, sayansi au sanaa.
Nikamwambia anuse.

Chini ya picha ya Mutheu, kwa penseli,
palikuwa na ubeti ambao sikuuagiza:

   *Mto umebeba shamba, kulimwaga baharini,*
   *Jicho la juu latamba, latuona tulo chini,*
   *Susu nakuomba, chimba, matuta ya kilimani,*
   *Rangi yako ninapaka, nataka ibaki kwako.*

Nilitaka kuitundika ofisini kwa mkuu.
Yeye akaomba bahasha.

Jumamosi tulisimama kwenye dirisha la kampuni ya basi.
Karani akapima kifurushi mkononi,
akauliza ndani kuna nini, aandike risiti.

"Shamba," akasema Mutheu.