Uzi Nyuma ya Jina

Duka lilikuwa na orofa saba na milango ya shaba.
Baridi ya Winnipeg ilipokung'ata masikio
uliingia hata kama huna senti,
ukasimama juu ya wavu wa chuma sakafuni,
hewa ya moto ikapanda ndani ya sketi,
nawe ukajifanya unajaribu glovu.
"Karibu Ardwell na Tait," alisema bawabu.
Alijua. Akatazama kando.

Bibi yangu Paraska hakuujua mlango huo.
Yeye alipita uchochoroni, saa moja kasorobo,
akapanda hadi orofa ya tano ya jengo la nyuma,
penye vyerehani mia na arobaini
na dirisha moja lililozibwa na barafu.
Wengine walishona mikono, mifuko, vifungo.
Kazi yake yeye ilikuwa jina.
Ardwell na Tait, hariri nyeusi, herufi za dhahabu,
mishono minne kwenye kola,
kata uzi, tupa, chukua nyingine.
Lebo mia sita kwa siku.
Kiingereza hakujua kukisoma;
jina alilijua kama mtu anavyolijua kovu lake,
kwa kidole.

Mama yangu alilelewa Dauphin, kwa mama yake mdogo,
kwenye ngano isiyo na mwisho.
Katalogi ilifika mara mbili kwa mwaka, nzito kama tofali,
ikasubiriwa kuliko barua ya ndugu.
Aliwakata kwa mkasi wale mabibi wa karatasi wenye kiuno cha nyigu,
akawapa majina ya Kiukreni,
akawagombanisha.
Katalogi ya mwaka uliopita ilipelekwa chooni
ikachanwa kuanzia nyuma, kwenye hatamu na majembe.
Kurasa za makoti zilibaki hadi mwisho.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzichana.
Makoti yale yalikuwa ya mama yake, ndivyo alivyoamini,
yote.

Wahenga walisema chema chajiuza.
Bwana Tait hakuwaamini:
kila Ijumaa alinunua ukurasa mzima wa gazeti.

Kisha zikaja barabara pana,
na maduka ya nje ya mji yenye maegesho kama ziwa.
Bei ikashuka, ikashuka tena.
Vyerehani vikapigiliwa ndani ya makasha
vikaifuata mikono ya bei nafuu.
Siku ya mwisho waliuza hata sanamu za dirishani,
uchi, bila vichwa, dola tano kila moja.
Kuna mtu aliondoka na mguu tu.

Jengo likabomolewa. Jina likapigwa mnada peke yake,
likachukuliwa na kampuni ya Toronto
isiyomiliki hata sindano.
Siku hizi naliona kwenye simu,
Ardwell na Tait, tangu 1908,
limechapwa kwa wino kwenye shingo ya fulana,
halina mshono hata mmoja.
Tangu 1908! Kampuni yenyewe ni rika la mwanangu,
na mwanangu bado hajui kufunga kamba za viatu.

Bibi aliniambia akiwa kitandani, mwaka ule wa mwisho,
kwamba nyuma ya kila lebo aliacha mshono mmoja mwekundu.
Hariri ina mgongo, alisema,
na mgongoni hakuna mkaguzi anayetazama.
"Kwa nini, Bibi?"
"Ili na mimi niwemo."
Halafu akaomba chai.

Februari hii, mtaa wa Selkirk,
kwenye mitumba ya kanisa, chini ya suruali za watoto,
nimekuta koti la sufu linalonuka naftalini.
Jina limo, dhahabu yake imekuwa rangi ya chai.
Nimefumua kona kwa ukucha,
moyo ukinidunda kama wa mwizi.

Si mwekundu.
Ni uzi wa buluu, mafundo mawili,
madogo kama mayai ya chawa,
ya mwanamke mwingine, wa benchi nyingine,
ambaye sikuwahi kuambiwa.

Nimelipa dola kumi na mbili.
Nje theluji inaanguka kwa mshazari.
Nimeinua kola.