Herufi za Boksi la Sabuni

Mwaka jana, vitalu vya tumbaku vikimwagiliwa,
walinishushia majora manane rangi ya boga
hapa kibarazani, Ng'ambo, mlango wa pili toka mashine ya kusaga.
"Fundi Nyamizi," wakasema, "tushonee ushindi."
Nikashona.
Kofia mia saba na arobaini,
bendera hata sikuhesabu.
Boksi la sabuni nililikata kwa wembe, herufi moja moja,
nikapaka rangi juu ya matundu yake: MABADILIKO.
Mguu wa K ulichanika, nikaubandika kwa ugali.

Na niliamini. Nisiseme uongo.
Siku ya kura nilifika kituoni kabla ya jogoo wa Mama Mhoja,
nikasimama hadi miguu ikafa ganzi,
kidole nikakichovya kwenye wino
kama anayeonja asali ya Sikonge.
Chama cha Taa kikashinda.
Usiku ule tulipiga masufuria, mengine yakatoboka.

Serikali yetu sasa ina miezi tisa.
Mimba ingekuwa imeshalia.
Bomba la mtaa linatoa upepo,
ushuru wa kibaraza umepanda, risiti tu ndiyo mpya,
na yule kijana aliyenibebea majora,
Kasonta, aliyekula michembe kwenye sahani yangu,
ana ofisi yenye feni.
Nimemwendea mara nne na daftari la deni.
"Mama, mchakato unaendelea."
Feni yake inatikisa kichwa
kushoto, kulia,
angalau yenyewe inasema kweli.
Umeme ukikatika (na wanajiita Taa!)
nakanyaga cherehani gizani, nashona kwa kukumbuka.

Wino haukutoka kwa sabuni wala kwa ndimu.
Uliondoka na ukucha, taratibu, ukisogea mbele.
Juma lililopita nilikata kipande cha mwisho
kwa mkasi wa kazi.
Kikadondokea kwenye mabaki ya nguo.
Nikafagia.

Basi jana wakaja wa Mzinga,
hao walioshindwa.
Nilidhani wamekuja kutuuliza tunakunywa nini,
kumbe wanagombea kiti chao wenyewe:
Jumamosi wanachagua mwenyekiti.
Asubuhi, watu wa Mpuya: kofia mia mbili rangi ya majivu.
Adhuhuri, watu wa Bibi Kalunde: kofia mia mbili,
majivu yaleyale, ila utepe mwekundu,
"tusije tukachanganywa na wezi."
Mpuya anasema Kalunde amekiuza chama.
Kalunde anasema mnunuzi ni Mpuya.
Nikawauliza: mkishamalizana Jumamosi, bomba letu je?
Wa asubuhi akatazama saa.
Wa adhuhuri akasema swali zuri, ataliandika,
hakuwa na kalamu.
Nikamwazima chaki yangu ya kuchorea nguo.
Akaitia mfukoni, akaondoka nayo.

Na neno la kwenye bango?
Wote wawili, kwa saa tofauti, mbele ya cherehani hii hii:
"Andika MABADILIKO, fundi. Lisomeke toka stesheni."
Sikukata boksi jipya.
Nimelivuta la zamani toka uvunguni,
lina ukoko wa rangi ya boga,
K bado imeshikwa na ugali mkavu,
panya wameonja kidogo pembeni.
Litafaa.

Ila safari hii nimewaambia wote, fedha mbele.
Nusu nikianza, nusu nikikata uzi.
Wakanitazama kama niliyehama chama.

Mwanangu Shija huenda shule na kaptula
ambayo bitana yake ni bendera iliyobaki.
Akiinama kuchota maji kisimani
boga linachungulia,
watoto wenzake wanapiga kelele: "Taa! Taa imewaka!"
Anarudi amenuna, ndoo nusu.
Namwambia avumilie hadi muhula uishe.
Kitambaa chenyewe, kusema haki, kilikuwa kizuri.
Nimekifua mara ngapi,
hakijachuja.