Ada ya Dume

Miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu:
hesabu ya nguruwe haihitaji daftari,
lakini niliichora kwa makaa mlangoni,
maana ndipo ninapopita na ndoo.

Jina lake Minervali. Nsimire ndiye aliyempa,
siku nilipomnunua kwa zamu yangu ya likelemba.

Usiku ule Panzi haikuwa na umeme. Mvua
ilikuwa ikiuteremsha udongo wa jirani hadi kwetu
bila hodi. Minervali alirarua majani ya migomba,
akayapanga, akayapangua,
akajibwaga kama gunia la makala.
Nikaishika tochi kwa meno.
Wa kwanza alitanguliza mkia. Kisha wengine,
wakiteleza kama sabuni,
wakidai chuchu kabla hawajakauka.
Kumi na watatu.
Chuchu kumi na mbili, moja imekufa.
Nikahesabu tena, kana kwamba hesabu ina huruma.

Alfajiri, mmoja alikuwa amelaliwa. Mama yake
aliguna tu, akageuka.
Sikumlaumu. Nami nimewahi kusinziishwa na uchovu,
nikaamka nikipapasa godoro kwa hofu.

Mwingine alikuwa wa baridi, mwepesi kama kibiriti kitupu.
Nikamweka katika katoni, kando ya babula,
nikamnywesha maziwa kwa bomba la sindano.
Nsimire akauliza, huyu tumwiteje?
Nikasema: wa kuuzwa hapewi jina.
Ila sikio lake la kushoto lilikuwa na doa,
nami nilipokuwa peke yangu nilimwita Doa,
kwa sauti ambayo haihesabiki.

Wiki nane za machicha ya bia na maganda ya viazi.
Homa ilipita Kadutu, ikafagia mabanda;
tukamwaga majivu, tukawazuia wageni, hata katekista.

Ntakwinja, mwenye dume, akaja kuchukua ada yake:
mtoto mmoja, chaguo lake. Ndivyo tulivyopatana.
Nikamchovyesha viatu katika maji ya javeli.
Akawapita wanono.
Akawapita hata majike wawili niliowaficha nyuma.
Doa akaja mwenyewe, akamnusa goti.

"Huyu," akasema. "Huyu anajua watu."

Nikamfunga katika gunia. Nikatoboa tundu la pumzi,
nikatoboa la pili.
Minervali hakuinua kichwa; alikuwa anakula.

Wengine wamekuwa risiti ya shule, mhuri wa buluu.
Sindano ingali dirishani,
maziwa yameganda ndani yake.