Sungura wa Thumni

Sikusanyi miaka.
Hilo nilimweleza Bwana Hirji siku alipoleta dukani
shilingi tisa za mwenge, kila moja na mwaka wake,
akazipanga kaunta kama karata.
Nikamwambia, nataka moja kwa kila sura:
mwenge mmoja, mbuni mmoja, samaki mmoja, sungura mmoja,
na ziwe zile zisizowahi kwenda sokoni.
Akacheka. "Fundi, hela isiyokwenda sokoni ni hela?"

Natengeneza saa, Moshi mjini,
mtaa wa pili kutoka mnara wa saa
ambao wenyewe haujawahi kuniita.
Lenzi ni ileile:
mchana natazama meno ya gurudumu,
jioni, wateja wakishapanda Kibosho na Marangu,
navuta pazia, nafungua kijaluba.

Hizi zilipigwa mara mbili.
Muhuri ulisuguliwa kwanza hadi ukawa kioo,
ukashuka, ukarudi tena palepale,
unyoya wa mbuni ukahesabika.
Uwanja wake, ukiuinamisha, mweusi;
ukiuinua, unajiona pua.
Na juu ya kioo hicho mnyama amesimama na ukungu mwilini
kama migomba ya Machame mwezi wa saba.
Hazikulipa nauli. Hazikufungwa pindo la kanga.
Hazijui kapu la sadaka wala kata ya mbege.
Haba na haba yangu haijazi kibaba:
nafasi kumi na nne, basi,
mbili nimeziacha kwa zile kongwe zenye tundu,
na moja kwa hela yenyewe, ya Mjerumani,
sarafu iliyokufa ikaacha jina midomoni mwetu.

Sungura nilimpata kwa Mama Eliaichi,
mjane wa karani wa benki.
Nilimtengenezea saa mbili za ukutani bure,
nikaongeza elfu sitini, na aibu kidogo,
kwa sababu hakujua anachouza
na mimi sikumwambia.

Wiki ile ile nikaenda msibani Himo.
Niliporudi Pasua, Aisia alikuwa mlangoni
na kitu kimefumbatwa.
"Nimekusafishia. Alikuwa na ukungu, masikini."
Majivu na limau,
kama anavyosugua sufuria za mama yake.
Sungura alimeta mwili mzima, ng'ara,
uchi.
"Nimeanza na huyu. Wengine kesho."

Sikusema kitu.
Nikanywa chai. Nikaomba nyingine.
Usiku nikahamisha kijaluba,
nikakifungia ndani ya saa kubwa ya ukutani isiyotembea,
ufunguo nikauning'iniza penye timazi.

Jana Bwana Hirji alikuja na sungura mwingine,
amefungwa karatasi laini, masikio wima,
ukungu wake wote mgongoni.
Bei nzuri. Bei ya kirafiki, kusema kweli.
Nikamshika kwa ncha za vidole, ukingoni,
maana wanaosema shilingi ina pande mbili
hawajawahi kuishika sawasawa.
Nikamrudishia.
"Nafasi imejaa."
"Imejaa nini? Ile yako imesuguliwa, fundi,
hata kipofu ataona."

Ni kweli. Chini ya lenzi kuna mikwaruzo elfu,
myembamba kuliko nywele za mtoto,
na yote inazunguka,
yote, kinyume cha saa.
Nimeishi na mke anayetumia mkono wa kushoto
miaka thelathini na moja.
Namwona akishika mwiko, akifunga kamba za viatu vya wajukuu,
na sikuwahi kujua
mkono ule unapita upande gani.

Nilimwonyesha Bwana Hirji. Alitazama, akaguna,
akakunja karatasi yake.

Jioni, Aisia akauliza kutoka jikoni
yule mbuni nimemficha wapi,
limau zinaharibika.