Kengele

Nimemchora shangazi Mwanakombo mara mbili
kwenye kishikwambi cha kuazima
chenye ufa konani, mwembamba kama njia ya sisimizi.
Kashika baiskeli yake, Barabara ya Kumi na Sita,
begani kitambaa, machoni dharau kidogo,
anavyomtazama muuza dagaa anayepunja kipimo.

Ya kwanza: mbingu ya rangi ya papai,
ukuta umepakwa chokaa upya,
na mkono wa kulia una vidole vyote.

Ya pili: ukuta unabanduka,
mbingu nimeiacha kama shuka lililofuliwa sana,
na mkono wa kulia ni ule ninaoujua,
gumba na viwili.
Vilivyosalia vilibaki Pongwe, kwenye mashine ya brashi,
vimefungwa na mkonge wa watu,
mwaka ambao mimi nilikuwa sijajua kutembea.

Baada ya swala ya Ijumaa tukakutana
juu ya steshenari ya Semkiwa:
wenzangu saba, feni moja,
kila mmoja na kizibo cha soda mkononi.
Nikawaambia: semeni kwanza, ndipo mweke.
Wakaweka kwanza, ndipo wakasema.

Vizibo vitano upande wa papai.
Viwili upande wa shuka.

"Ya kwanza inauzika," akasema Mhina,
anayechora mabango ya saluni, na analipwa.
"Ya kwanza inapumua," akasema Nasra;
nilipomuuliza inapumulia wapi
akacheka, akaonyesha dari.
Kibwana akasema kivuli cha gurudumu
kimelala upande lilipo jua, katika zote mbili.
Nikamshukuru, nikamchukia mpaka Magharibi.
Mwantumu, mwenye kizibo kule kwa wachache,
hakutetea kitu. Alisema tu:
"Ile nimeshaiona. Hii bado naitazama."

Usiku nikalizima tabaka la vidole,
nikaliwasha.
Mkono ukapungua, ukatimia, ukapungua,
kama taa ya barazani yenye waya uliolegea.
Nani alinipa ruhusa
ya kumrudishia mtu kitu asichoniomba?
Na nani alinipa
ya kumnyang'anya tena?

Asubuhi nikampelekea mwenyewe.
Alikuwa anakamua tui.
Akajifuta kwenye kanga, si sana,
akakishika kishikwambi kwa mbali
kama sinia la chai ya moto.
Nikampa ya kwanza. Akaitazama.
Nikampa ya pili. Akaitazama.
Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi,
nimejiandaa hata kwa kofi.

"Kengele iko wapi?"

Shangazi?

"Watu saba, na wewe wa nane,
hakuna aliyeona baiskeli haina kengele?
Sokoni Ngamiani napitaje? Napiga mluzi?"

Akaweka gumba kwenye kioo,
pale hasa, kando ya mshikio,
akabonyeza mara mbili, upesi upesi,
kama anayefukuza mbuzi njiani.
Likabaki doa la tui.

Nikafungua ya kwanza nimtilie kengele.
Vidole vinne vizuri vimeukumbatia mshikio,
kidole gumba kimefichwa chini yao;
nimekichora mimi, kwa raha zangu, siku mbili nzima.
Hapakuwa na pa kuiweka.
Nikafungua ya pili.
Nafasi ilikuwapo, upana wa doa.

Sijalifuta. Nimelifuatisha ukingo wake,
nikatia kutu kidogo, mng'ao kidogo.
Kivuli nacho nimekigeuza, Kibwana kasema kweli.
Vizibo nitawarudishia kesho.
Mhina atasema haiuziki.
Shangazi ameshauliza bei,
akasema kengele niihesabu mbali.