Toa Moja, Jumlisha Moja

Jumapili, hapa Nebraska, hakuna anayekufa.
Jumatatu wanakufa wachache, kama kwa haya.
Jumanne wanakufa wote kwa mpigo,
karani akishafungua ofisi, akawasha taa,
faksi ikakohoa, ikatema karatasi zenye joto.

Nimejifunza kutoishangilia Jumapili.

Kaunti tisini na tatu, kila moja na kisanduku chake.
Saa kumi jioni ramani hubadili rangi:
manjano, chungwa, kisha wekundu wa mnofu.
Wekundu ulianzia kiwanda cha nyama kando ya mto Platte,
wanakosimama bega kwa bega, kisu kwa kisu,
ng'ombe wakipita vichwani mwao kwa minyororo.
Msimamizi alisema mstari hauwezi kusimama.
Haukusimama.
Kilichosimama ni kifua cha Hilario Tzoc, mkata mbavu.
Nilimpigia mkewe simu, fomu iko mbele yangu:
Je, mgonjwa alikutana na nani?
"Na ng'ombe elfu tano kwa siku," akanijibu,
kisha akaniomba radhi,
yeye, mimi.

Wapo pia wanaonipigia wao.
Bwana mmoja wa Kearney, kila Alhamisi:
namba zenu za kupikwa, mnatia chumvi.
Laiti ningekuwa mpishi, bwana.
Laiti chungu hiki kingekuwa na kifuniko.

Kuna kanuni: chini ya watano hatuandiki idadi,
tunaweka kinyota.
Kwani penye watu mia nne namba ni jina,
kila mtu anajua gari la nani
limelaliwa na theluji siku ya tatu mbele ya duka.
Huko ndiko nilikozaliwa, milima ya mchanga,
kaunti ya mwisho kubaki nyeupe kwenye ramani yangu.
Machi nyeupe. Julai nyeupe. Oktoba.
Sikumwambia mtu, ila kila jioni
niliitazama kabla ya zote,
kama mshumaa uliowekwa dirisha likiwa wazi.

Novemba kikaja cheti kutoka Omaha.
Vavra, Delbert. Miaka themanini na mmoja.
Tulikuwa tumekwisha kumhesabu huko,
wiki nzima amelala katika jumla ya jiji
ambalo maishani mwake alilifika mara mbili.
Lakini maiti wetu huandikwa walikoishi,
si walikokata roho,
na anwani ilisema: kwetu.

Delbert wa basi la shule.
Alipiga honi mara mbili getini petu
akangoja, akijua natafuta kiatu.
Alituhesabu kwa kioo, kwa sauti, asubuhi na jioni,
basi haling'oki mpaka tutimie.
"Kumi na mmoja," alisema. "Haya, sasa twende."
Siku moja tulikuwa kumi.
Alirudi maili sita katika upepo wa barafu
kumfuata Wendell Kucera, aliyesinzia chooni.

Omaha, toa moja.
Kwetu, jumlisha moja.
Jumla ya jimbo haikutikisika.
"Sahihisho dogo," alisema mkuu wangu akipita na kahawa,
na ni kweli, lilikuwa dogo,
kinyota kimoja penye weupe,
mtu asiyejua angedhani ni uchafu wa kioo.

Wenzangu walichukua makoti. Mfagiaji akaja, akaenda.
Kompyuta iliniuliza swali lake la kila siku:
Hifadhi?

Sikuwahi kulisikia neno lile.
Nilihesabu tena kutoka juu, kwa sauti,
Adams, Antelope, Arthur, Banner,
kaunti baada ya kaunti, mpaka tukatimia.

Kisha nikabonyeza ndiyo.